Kodi ya Brazili Katika Dirisha la Gikomba

Siku yangu ya kwanza katika duka la kubeti, pale Kariobangi, Meneja wa Tawi alinionyesha dirisha lenye nondo, akanisogezea kiti, akaniambia kwamba kazi yangu haikuwa kutoa pesa.

"Kutoa pesa hata mashine inaweza," alisema. "Wewe, Mama Nekesa, kazi yako ni kumweleza mtu kwa nini amepata kidogo kuliko alivyotarajia. Na umweleze kabla furaha haijamtoka."

Nilikuwa nimetoka kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, ambako nilifanya ukarani kwa miaka mingi, na huko msumari ni msumari na kilo ni kilo. Nilidhani anamtania mgeni. Kabla ya saa sita mchana, fundi mmoja wa kupaka magari rangi, ovaroli yake imejaa madoa ya kila rangi ya barabarani, alikuwa amesimama mbele yangu akiniuliza serikali ilikuwa wapi siku alipokuwa akichagua timu zake. Sasa nimestaafu, na jibu bado sina.

Wengi wenu mnabeti kwa simu na hamkuwahi kupanga foleni, kwa hivyo nieleze kazi ilivyokwenda. Mteja aliorodhesha mechi kadhaa zinazosimama au kuanguka pamoja. Huo ndio mkeka. Timu moja ikiharibu, mkeka wote umechanika. Pesa anayoweka ni dau. Odi ni ile namba inayozidishwa na dau ili ujue utalipwa nini. Hayo watu wa mtaa waliyajua kunishinda. Yangu yalikuwa mawili: ushuru wa dau, unaokatwa kabla mpira haujachezwa, na kodi ya zuio, yaani ile ambayo duka linaizuia kutoka kwa ushindi wa mtu na kuipeleka serikalini kwa jina lake, apende asipende.

Kodi ya zuio ndiyo iliyonizeesha. Tuseme umeweka dau la shilingi mia, ukalipwa mia tano. Je, utozwe kwenye mia tano nzima, au kwenye mia nne, kwa kuwa ile mia ilikuwa yako tangu mwanzo? Meneja wa Tawi alishikilia mia tano. Mkaguzi wa Kanda, aliyetutembelea kukagua vitabu, alishikilia mia nne. Siku moja waligongana mbele ya dirisha langu, mteja akiwa amesimama hapo na mkono wazi, na kila mmoja alikuwa na waraka wa makao makuu mkononi. Nyaraka zote mbili zilikuwa halali. Moja ilikuwa ya sheria ya zamani, nyingine ya sheria iliyofuata, na hakuna kati yao aliyekuwa na hakika ipi ndiyo ya zamani.

Sheria yenyewe haikutulia. Bajeti iliposomwa, sisi wa madirishani tulisikiliza redio kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwaka mmoja kodi ilipanda, mwingine ikaondolewa, ikarudishwa, maana ya ushindi ikaandikwa upya. Kila mara nilibandua tangazo la zamani na kubandika jipya, mpaka kioo kikawa na tabaka la gundi ambalo hata wembe haukulitoa.

Kutoka Kariobangi nilihamishiwa Eastleigh, tawi dogo lililokuwa nyuma ya maduka ya vitambaa. Wateja wangu huko walikuwa wabebaji wa mizigo na madereva. Meneja wa huko alikuwa mtu mpole asiyependa maswali. Alinifundisha kwamba mteja akiuliza mara ya kwanza, nimjibu, na akiuliza mara ya pili, nimpe namba ya makao makuu. Nilifuata agizo hilo kwa uaminifu hadi siku nilipopiga namba hiyo mwenyewe, nikitaka kujua kama mkeka uliofutwa unatozwa ushuru wa dau. Binti aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akanishauri nikaulize kwenye dirisha la tawi lililo karibu nami.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Gikomba, upande wa maseremala, na ndiko lilikotokea jambo ambalo watu bado wananiuliza.

Kampuni ilikuwa imenunua programu mpya ya kompyuta kutoka Brazili. Ile ya zamani ilikuwa ikizimika kila Jumamosi, siku yenye mechi nyingi. Mpya haikuzimika. Ilikuwa na rangi nzuri na kwenye simu ya kila mteja ilikuja na ukurasa ambao hatukuwahi kuuona, ulioitwa Mwaka Wako. Ukurasa huo ulionyesha yote uliyoweka tangu Januari, yote uliyolipwa, na tofauti yake. Chini kabisa uliandika kodi unayodaiwa.

Siku ya mafunzo, Mkuu wa Sheria wa kampuni alikuja mwenyewe kutoka mjini, na mtaalamu wa Brazili akaonekana kwenye skrini, akieleza kwa Kiingereza cha polepole. Alisema kwamba kwao mbeti hatozwi kwa kila mkeka. Wanajumlisha faida za mwaka mzima, wanatoa hasara, na kinachobaki, kikizidi kiwango fulani, ndicho kinachotozwa. Aliyepoteza mwaka mzima na kushinda mara moja huenda asilipe kitu.

Nilinyoosha mkono nikauliza kama programu ilikuwa imefundishwa sheria ya Kenya.

Mtaalamu alitabasamu na kusema hiyo ni awamu ya pili.

"Na awamu ya kwanza tufanyeje?" nikauliza.

Mkuu wa Sheria ndiye aliyejibu. "Mtakata kwa mkono. Skrini ikisema sufuri, wewe fuata sheria ya hapa, ukate, uandike kwa kalamu juu ya risiti. Ni majuma machache tu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufanya kazi tukiwa na nchi mbili kwenye kaunta moja. Mashine ilichapisha risiti ya Kibrazili na mimi nikaisahihisha kwa wino mwekundu kuwa ya Kikenya.

Hatua chache kutoka dukani kulikuwa na karakana ya wanaume wanne waliotengeneza vitanda na kabati. Mkubwa wao alikuwa Mzee Musyoka, Mkamba mtaratibu, mzee wa kanisa. Wengine walikuwa Kilonzo, mchongaji wa vichwa vya vitanda; Wafula, aliyetoka upande wa kwetu Bungoma, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi; na Ochieng, ambaye kwa wiki nzima ungeweza kumsikia akisema jambo moja. Walikuwa na desturi ambayo sikuiona kwingine. Kila mwisho wa wiki walichanga dau, wakaunda mkeka mmoja wa karakana, na mkeka huo uliwekwa kwenye simu ya yule aliyepoteza kuliko wote. Imani yao ilikuwa kwamba bahati ina deni naye, na siku ikija kulilipa itawakuta wote wamekaa hapo. Mwaka huo wote mkeka ulikaa kwa Kilonzo. Alipoteza hadharani bila aibu, na wenzake walimwita Gunia, kwamba halijai.

Jumapili moja mkeka wa karakana ulishika. Mechi ya mwisho ilikuwa ya huko huko Amerika Kusini, timu mbili ambazo hakuna aliyeweza kutamka majina yake. Hazikuwa pesa za kununua nyumba, lakini zilitosha kumalizia bei ya mashine ya randa iliyotumika, ambayo muuzaji alikuwa amekubali kuwawekea hadi Jumamosi. Bila mashine hiyo walikuwa wakipeleka mbao kwa watu, wakipanga foleni na kulipia kila ubao. Jumapili hiyo Kilonzo alizungusha simu, kila mmoja akaona kwa macho yake: kiasi cha ushindi, na chini yake, kodi sufuri.

Jumatatu asubuhi alikuja dirishani kwangu kuchukua pesa. Nikakata kodi kama nilivyoagizwa, nikaandika kwa wino mwekundu, nikamweleza. Aliitazama risiti akaigeuza.

"Mathe," alisema, "hii nitawaambiaje?"

Nilimwambia awaambie ni sheria. Sasa nami nilikuwa nimekuwa kama yule meneja wa Eastleigh asiyependa maswali.

Kabla ya chakula cha mchana walikuja wote wanne. Wafula aliipachika risiti kwenye nondo.

"Mama, hii imechapishwa na mashine, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na mashine inasema kodi sufuri."

"Inasema hivyo."

"Na hii ya chini, nyekundu, imeandikwa na nani?"

"Mimi."

"Kalamu kama hii hata kule kwa duka ya vitabu ziko," akasema, akiwageukia wenzake. "Mimi sisemi kitu. Nasema tu tangu lini risiti iseme hivi, mkono utoe vile."

Nilieleza habari ya Brazili. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikaanza na sheria yao, nikaja kwa sheria yetu, na kadiri nilivyoendelea nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyofanana na uongo. Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Mtu mmoja nyuma akauliza kama nina maana kwamba rais wa Brazili ndiye amekula pesa za maseremala. Watu wakacheka. Kilonzo hakucheka.

Wafula akamaliza kwa kusema kwamba mimi na Kilonzo tunasali kanisa moja. Hilo lilikuwa kweli.

Mzee Musyoka hakumtuhumu mtu, lakini uzito wa jambo ulikuwa kwake. Alisema pale pale, kwa sauti ya chini, kwamba watu wanaoshikiana ubao wakati msumeno unazunguka hawawezi kufanya kazi na shaka kati yao. Pesa zikamilike kufikia Jumamosi, au Kilonzo achukue patasi zake akatafute benchi kwingine. Kilonzo alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ile tangu ujana wake. Hakuna fundi wa Gikomba ambaye angemchukua mtu aliyefukuzwa kwa kula pesa za wenzake. Habari ingefika kabla yake.

Nilimwendea Meneja wa Tawi wa Gikomba nikaomba barua ya kueleza makosa ya programu. Alikataa. Kuandika kwamba risiti zetu zinasema uongo, aliniambia, ni kuwaita wakaguzi. Nikampigia simu Mkuu wa Sheria. Alisema risiti haisemi uongo, inasema ukweli wa nchi nyingine. Hadi leo sijui kama alikuwa akifanya mzaha.

Usiku sikuwaza lolote la maana. Jibu lilinijia asubuhi nikiwa nafagia mbele ya duka, nalo lilikuwa jepesi hivi: kama sufuri ya Kilonzo ilitokana na hasara yake, basi kila mwenye hasara angeandikiwa sufuri, na mwenye faida angeandikiwa kodi. Kila mmoja wa wanaume wale alikuwa na ukurasa wa Mwaka Wako mfukoni mwake.

Nilikwenda karakana saa ya chai. Haikuwa kawaida mtu wa dirishani kuwafuata wateja, na walisimamisha kazi wote, hata Kilonzo aliyekuwa amewekwa kando akipiga msasa peke yake. Nikawaambia kila mtu afungue simu yake, aweke ukurasa ule juu ya benchi, pamoja na wa Kilonzo. Kama ya Kilonzo tu ndiyo ina sufuri, basi mimi na yeye ni wezi na waniitie polisi.

Mzee Musyoka aliweka yake kwanza. Alikuwa akibeti mara chache sana, na mwanzoni mwa mwaka alishinda mkeka mmoja uliolipa vizuri. Juu kuliandikwa faida, na chini, kodi. Ochieng aliweka yake: hasara, na chini yake sufuri. Kilonzo akaweka yake. Hata baada ya ushindi ule wa Jumapili, mwaka wake bado ulikuwa hasara, na chini yake sufuri.

Walianza kuelewa. Mzee Musyoka aliinama akisoma moja, kisha nyingine, akigusa skrini kwa ncha ya kidole kama anayepima mbao zenye unyevu.

"Kwa hivyo hii sufuri si msamaha," alisema. "Ni ya mtu ambaye hana kitu cha kutozwa."

"Kwao Brazili," nikasema. "Hapa kwetu inakatwa tu."

"Hata kama umepoteza mwaka mzima."

"Hata hivyo."

Alitikisa kichwa. Sijui alikuwa akisikitikia nini, sheria yao au yetu.

Ilibaki ya Wafula. Alikuwa ameshika simu yake kifuani, skrini ikimtazama yeye. Akasema chaji imeisha. Kisha akasema hakuna haja, mambo yameshaeleweka, waende wakamwone muuzaji wa mashine.

"Weka, buda," Ochieng akasema. Nadhani ndilo lililokuwa neno lake la wiki hiyo.

Wafula hakuweka. Alimtazama Kilonzo, na hapo niliona kitu ambacho kwa miaka yote ya dirishani sikuwahi kukiona kwa mtu aliyeshinda wala aliyepoteza. Alikuwa na hofu. Kilonzo naye akaona. Akavuka chumba, akasimama karibu naye, akatazama skrini ile kwa muda mfupi tu. Kisha akarudi akachukua simu yake mwenyewe kutoka kwenye benchi akaitia mfukoni.

"Iko sufuri," aliwaambia wenzake. "Kama yangu."

Hakusema kama hasara iliyokuwa juu ya ile sufuri ilikuwa kubwa kuliko yake, lakini Mzee Musyoka alikuwa mtu wa kupima kwa jicho. Akamtazama Wafula, akaitazama dari, akasema kwamba kumbe mwaka mzima mkeka ulikaa kwenye simu isiyostahili.

Kilonzo alirudi kwenye benchi lake siku hiyo hiyo. Pesa zilizopungua kwa ajili ya kodi walizichanga tena, na mchango wa Wafula ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzake, bila mtu kumwambia. Jumamosi waliibeba mashine kwa mkokoteni kupita mbele ya duka. Wafula alikuwa amekamata upande wa chini, ule mzito, na Kilonzo akimwelekeza: kushoto, polepole, shimo hilo.

Mambo yangu mimi hayakuisha vizuri hivyo. Habari ya ukurasa ilienea Gikomba yote. Watu ambao hawakuwahi kuufungua waliufungua. Wanawake wakaomba kuona simu za waume zao. Kwa majuma mawili foleni yangu ilipungua hadi nikawa nasoma gazeti kazini. Meneja wa Tawi aliniita ofisini.

"Mathe, nani alikuambia uwaonyeshe wateja hasara zao?"

Nikasema sikuwaonyesha, zilikuwa kwenye simu zao.

"Zilikuwa," alisema. "Awamu ya pili imefika."

Na kweli, wiki hiyo programu ilifundishwa sheria ya Kenya. Kodi ikawa inakatwa na mashine yenyewe, risiti zikawa safi, wino wangu mwekundu ukapumzika. Ukurasa wa Mwaka Wako uliondolewa. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba sheria yetu haihitaji hesabu ya mwaka, kwa hivyo hauna kazi. Maelezo hayo yalikuwa sahihi. Nimeyageuza mara nyingi kichwani nikitafuta kosa lake na sijalipata.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Waliniagizia keki, Mkuu wa Sheria akatuma ujumbe wa kunishukuru kwa kusimamia mpito. Sheria imebadilika tena tangu hapo. Siku hizi nasikia wanakukata unapotoa pesa kwenye akaunti yako, iwe umeshinda au umeghairi tu. Vijana wa hapa Umoja ninakoishi hunisimamisha dukani wakitaka niwafafanulie. Nawaambia ninachokumbuka, na kwamba huenda kimepitwa na wakati. Huwa wanaondoka wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja. Nami nilitoka kwa wakubwa wangu hivyo hivyo.

Mwezi uliopita Wafula alinitembelea. Aliniletea kigoda alichokitengeneza, miguu yake imenyooka kwa mashine. Nikampikia chai. Tulizungumza kwa lugha yetu ya nyumbani kuhusu mvua, shule na bei ya mbao, na nikajua anazunguka jambo. Kilonzo yuko, alisema. Sasa ndiye anayefundisha mafundi wapya kuchonga. Mkeka wa karakana hawaweki tena. Kila mtu na simu yake.

Hatimaye akatoa simu, akaiweka mezani baina ya vikombe.

"Mama, ule ukurasa. Wewe ulikuwa ndani. Hakuna njia ya kuurudisha? Sitaki kingine, nataka kuona tu mahali nilipofika."

Nikamwambia hakuna. Ulikuwa wa Brazili, na hapa uliondolewa.

Alikaa akiizungusha simu kwa kidole.

"Lakini wao huko bado wanao?"

"Nadhani bado wanao."

"Basi wana bahati," Wafula akasema, akairudisha simu mfukoni, akanywa chai yake iliyokuwa imepoa.